Picha Zilizotiwa Viraka: Wasomaji Wauliza, Meza ya Sanaa Yajibu

Toleo lililopita tulichapa picha mbili za Stalin akitembea kando ya mfereji wa Moscow–Volga. Kwenye ya kwanza kuna mtu pembeni yake. Kwenye ya pili, pale alipokuwa mtu huyo, pana maji matupu. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Waliotaka tuhukumu Ukomunisti wenyewe watuwie radhi, ukurasa huu ni wa sanaa. Tumechagua barua zinazouliza kazi yenyewe ilifanywaje.

Mliandika kuwa mchoraji wa Kisovieti angeweza kunyamazishwa bila kuguswa na polisi. Alinyamazishwaje basi? Mimi nilidhani ni jela tu. — Msomaji, Kibokoni

Jela ilikuwepo, na hatutaki kuipunguza uzito. Kazimir Malevich, aliyechora ule Mraba Mweusi wa mwaka 1915, alikamatwa mwaka 1930 akahojiwa. Albania ilimfunga Maks Velo, msanifu majengo na mchoraji, mwaka 1978, na kazi zake zikaharibiwa. Ila kwa wachoraji walio wengi mlango ulifungwa mapema zaidi, na aliyeufunga alishika funguo za stoo.

Tarehe 23 Aprili 1932 Kamati Kuu ya chama tawala cha Kisovieti ilivunja vikundi vyote vya waandishi na wasanii. Badala yake kikaja chama kimoja cha wachoraji kwa kila mji. Mwaka 1934, kwenye mkutano mkuu wa waandishi, mtindo rasmi ukatangazwa: uhalisia wa kijamaa, yaani maisha yachorwe kama chama tawala kinavyotaka yaonekane. Wachoraji nao wakafungwa na kamba hiyo hiyo. Kosa kubwa la msanii likaitwa "ufomalisti", yaani kushughulika na umbo na rangi kuliko ujumbe. Neno hilo halikuwa na kipimo, na hapo ndipo lilipowafaa wakubwa. Hakuna aliyeweza kusema mstari uko wapi, kwa hiyo kila mtu alisimama mbali nao.

Kadi ya chama cha wachoraji ndiyo iliyofungua kila kitu: duka la rangi, nafasi ya studio, na tenda. Kuanzia mwaka 1940 kulikuwa na Mfuko wa Sanaa uliosimamia mali na kazi hizo. Tuseme kiwanda kinataka picha ya ukutani. Mchoraji haanzi kuchora. Anapeleka kwanza mchoro mdogo wa kalamu au rangi ya maji. Baraza la sanaa linakaa, linasema mkono huu uinuliwe, mwanamke huyu atabasamu, moshi upunguzwe. Anarekebisha, anarudi. Ukipita, anapanua mchoro hadi kipimo kamili. Baraza linakaa tena. Mwisho kazi iliyokamilika inakaguliwa mara ya tatu. Malipo yamefungwa kwenye hatua hizo, hivyo ukikwama ya pili umeshakula gharama.

Kwa hiyo picha nyingi zilizokatazwa hazikuwahi kuwa picha. Zilikufa zikiwa na ukubwa wa daftari, na zikafa mikononi mwa wachoraji wengine, maana barazani waliketi wao.

Maonyesho nayo yalikuwa na ngazi zake. Kamati ilichagua kazi, kisha watu wa chama tawala wakapita ukumbini kabla ya milango kufunguliwa. Katalogi na bango, kwa kuwa ni vitu vya kuchapwa, vilihitaji kibali cha Glavlit, ofisi ya udhibiti iliyoanzishwa mwaka 1922. Picha inaweza kuruhusiwa ukutani na isiruhusiwe kwenye katalogi.

Mfano wa ngazi hizo kurukwa ni maonyesho ya ukumbi wa Manege, Moscow, tarehe 1 Desemba 1962. Ilikuwa ni miaka 30 ya tawi la Moscow la chama cha wachoraji. Dakika za mwisho wakaalikwa vijana wa mitindo mingine, wakapewa ghorofa ya juu. Khrushchev, kiongozi wa nchi wakati huo, akapanda, akaona, akapiga kelele. Mchongaji Ernst Neizvestny akamjibu papo hapo. Kampeni dhidi ya wasanii hao ikafuata. Khrushchev mwenyewe alipofariki mwaka 1971, familia yake ilimwendea Neizvestny huyo huyo achonge kaburi: jiwe jeupe na jeusi, na liko pale makaburi ya Novodevichy hadi leo.

Mimi huchora nganya. Rangi nanunua dukani kama mtu mwingine yeyote. Asiye na kadi ya chama huko Urusi alipata wapi rangi? — Mchoraji, Changamwe

Alipata kwa mlango wa nyuma au hakupata. Rafiki mwenye kadi alimnunulia. Wengine walitumia rangi ya nyumba, na badala ya turubai wakachora kwenye hadibodi, kadibodi au kitambaa cha meza. Anatoly Zverev alijulikana kwa kuchora na chochote kilichokuwa karibu, hata brashi ya kunyolea.

Wewe fundi unajua kinachofuata. Rangi ya nyumba juu ya hadibodi isiyopigwa praima: ubao unanyonya mafuta, rangi inabaki kavu kama chaki na kuanza kubanduka. Ukipaka upande mmoja tu, ubao unapinda kama chapati iliyosahauliwa kwenye chuma. Kadibodi yenyewe ina tindikali. Inageuka kahawia na kuvunjika pembe. Ndiyo maana kazi nyingi za watu hao leo ni mzigo kwa wahifadhi wa makumbusho. Ukosefu wa rangi nzuri unaendelea kuzila miaka 60 baadaye.

Tatizo la pili lilikuwa sheria. Kuanzia mwaka 1961 mtu asiye na ajira inayotambuliwa aliweza kushtakiwa kwa "kupe", yaani kuishi kwa jasho la wengine, na mchoraji asiye na kadi hakuwa na ajira. Oscar Rabin alifanya kazi kwenye reli. Ilya Kabakov alipita njia ya akili zaidi: aliingia chamani kama mchoraji wa vitabu vya watoto. Mchana sungura na treni, kwa mshahara halali. Usiku kazi zake mwenyewe, ambazo hazikuonyeshwa hadharani nchini mwake kwa miaka mingi.

Nina studio ya picha, na siku hizi kumtoa mtu kwenye picha ni dakika mbili kwenye simu. Wao walifanyaje bila kompyuta? — Fundi wa picha, Likoni

Walifanya kwa kisu, rangi ya kijivu na subira. Kwanza negativu ya asili ilichapwa kwa ukubwa, kwenye karatasi isiyong'aa, kwa sababu ile ya kung'aa hukataa rangi ya maji. Kazi yote hufanyika juu ya chapa hiyo, si juu ya negativu.

Kisha wale wanaobaki hufunikwa. Karatasi nyembamba huwekwa juu ya chapa na kukatwa kwa kisu cha daktari kufuata ukingo wa bega, kofia, mkono. Ni kile kile anachofanya fundi wa bodi za magari anapobandika magazeti kwenye vioo kabla ya kupuliza. Halafu hupuliza kweli: brashi ya hewa, yenye rangi ya kijivu iliyochanganywa ilingane na mandhari, inapita tabaka jembamba moja baada ya jingine hadi mtu azame. Baada ya hapo brashi ndogo yenye nywele chache huchora upya kilichokuwa nyuma yake: mawimbi, ukuta, ngazi. Pale kwenye mfereji, ukuta wa ukingoni ulilazimika kuendelea na maji kujaa hadi kando ya picha.

Hatua ya mwisho ndiyo ujanja wenyewe. Chapa iliyorekebishwa hupigwa picha tena. Inapatikana negativu mpya, na kila nakala itokayo humo ina uso laini usio na alama ya brashi. Ukiipapasa hujui kitu.

Makosa yalijitokeza mahali pale pale kila mara, na wewe mwenye jicho la kazi utayaona upesi. Rangi ya maji ikikauka hupauka kuliko ilivyokuwa ikiwa mbichi. Aliyechanganya kwa haraka aliacha doa la kijivu tofauti. Eneo lililopulizwa halina chembechembe za filamu, ni laini mno, kama uso uliopakwa poda nyingi. Ukingo wa aliyebaki huwa na mstari mwembamba mweupe au mweusi ambapo karatasi ya kufunika iliinuka. Kivuli husahaulika: mtu kaondoka, kivuli chake kiko chini. Mara nyingine ni mkono ulioshika bega la jirani. Halafu kuna kupungua kwa makali, maana kila upigaji wa pili hula undani.

Lakini magazeti yaliwasaidia. Picha ya gazeti huchapwa kwa vitone vikubwa, na vitone hufunika uzembe. Kazi mbovu ilipita gazetini bila mtu kuitilia shaka. Ilikuja kuumbuka tu ilipowekwa kando ya chapa ya asili.

Aliyefutwa pale mferejini ni Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, aliyeuawa mwaka 1940. Prague, Vladimir Clementis alisimama kwenye roshani na Klement Gottwald, kiongozi wa Wakomunisti wa Chekoslovakia, Februari 1948. Alinyongwa Desemba 1952, na picha ikabaki na ukuta. Trotsky na Kamenev, viongozi wa mapinduzi walioanguka baadaye, waliondolewa kwenye ngazi za jukwaa alilohutubia Lenin tarehe 5 Mei 1920, zikachorwa mbao tupu.

Kikwazo kikubwa hakikuwa cha kiufundi. Nakala za zamani zilikuwa zimeshaingia majumbani. Beria, mkuu mwingine wa polisi wa siri, alipoanguka mwaka 1953, wenye kuandikishwa kupokea ensaiklopidia kuu ya Kisovieti walitumiwa kurasa mpya pamoja na maelekezo: katika juzuu ya 5 kata kwa mkasi au wembe ukurasa wa 21 hadi 24 pamoja na picha yake, acha ukingo mwembamba karibu na uzi, kisha gundisha hizi. Kurasa mpya zilijaa Bahari ya Bering. Kazi ya udhibiti ikahamia sebuleni kwa mteja.

Na wengine walijifanyia wenyewe kwa hofu. Aleksandr Rodchenko alisanifu kitabu cha picha cha miaka 10 ya Uzbekistan mwaka 1934. Viongozi waliokuwa humo walipokamatwa, alichukua wino mweusi akazifunika nyuso zao kwenye nakala yake mwenyewe, kabatini kwake. Nyuso zimekuwa madoa mazito yenye mabega na tai. Tukitakiwa kuonyesha picha moja tu ya zama zile, tungeonyesha hiyo.

Picha ya rangi ya mafuta je? Huwezi kuipulizia na kuipiga upya. — Msomaji, Majengo

Hupakwa juu. Mfano kamili ni mchoro wa Dong Xiwen wa Mao akitangaza jamhuri mpya ya China tarehe 1 Oktoba 1949, wenye takriban mita 2.3 kwa mita 4, aliouchora mwaka 1953. Gao Gang, mmoja wa viongozi waliochorwa humo, akaanguka mwaka 1954. Alikuwa ukingoni mwa safu, akafunikwa kwa mandhari, na pengo halikuonekana. Kiongozi mwingine, Liu Shaoqi, alipoanguka wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni ikawa kazi ngumu zaidi, kwa kuwa alisimama katikati ya watu. Hapo huwezi kuacha anga. Ikabidi mwili upewe kichwa kingine, cha Dong Biwu. Mwaka 1972 ikatakiwa Lin Boqu naye aondoke. Dong Xiwen alikuwa mgonjwa wa saratani, karibu na kufa, kwa hiyo Jin Shangyi na Zhao Yu wakapewa kuchora nakala nzima isiyo naye. Mwaka 1979 waliofutwa wakarudishwa, lakini kwenye nakala ile.

Ubaya wa kupaka juu ni kwamba rangi ya mafuta hupenyeza mwanga zaidi kadiri inavyozeeka, na aliyezikwa chini huanza kuonekana kama mtu nyuma ya shashi. Tabaka jipya lisiposhika vizuri juu ya lile la zamani hubanduka pia. Na ukiangaza taa kutoka ubavuni, mwinuko wa brashi ya zamani hufuata umbo la mtu asiyekuwepo.

Ni kweli waliwahi kumkataza bundi? — Mwanafunzi, Tudor

Kweli. Beijing, mwaka 1974, yalifanywa maonyesho ya "michoro myeusi", yaani kazi zilizotundikwa ili zilaaniwe. Mojawapo ilikuwa ya Huang Yongyu: bundi aliyefumbua jicho moja na kufumba lingine. Ikasemwa anaukonyeza ujamaa kwa dharau. Kwetu huyu ndege ni kisirani na hukemewa akitua paani, ila hajawahi kufunguliwa mashtaka ya siasa.

Kuna waliofanikiwa kupenya? — Mwalimu wa sanaa, Kisauni

Wapo, na karibu wote walipenya pale ambapo kanuni ilisahau kusema kitu.

Moscow, kanuni za maonyesho zilihusu kumbi. Kiwanja kitupu hakikutajwa. Tarehe 15 Septemba 1974 Rabin, Komar, Melamid na wenzao walipeleka picha zao kiwanjani Belyayevo. Wakakuta matingatinga, malori na magari ya kumwagia maji. Maelezo rasmi yakawa kwamba wafanyakazi wa kujitolea walikuwa wanapanda miti. Picha zikakanyagwa. Kilichowaokoa ni waandishi wa habari wa nje waliokuwepo na kamera. Wiki mbili baadaye, tarehe 29 Septemba, wakaruhusiwa bustani ya Izmailovo kwa saa 4 tu.

Beijing, kundi la wasanii lililoitwa Nyota lilitundika kazi kwenye uzio kando ya jumba la taifa la sanaa tarehe 27 Septemba 1979. Polisi wakaziondoa siku ya tatu. Tarehe 1 Oktoba, siku ya taifa yenyewe, wakaandamana. Novemba wakapewa nafasi bustani ya Beihai, na mwaka 1980 wakaingia ndani ya jumba lile lile walilokuwa nje ya uzio wake.

Ujerumani Mashariki njia ilikuwa hesabu. Kuchapa chochote kulihitaji kibali, isipokuwa chapa za sanaa za chini ya nakala 100. Wasanii wakachapa 99. Baadaye wakagundua kuwa chapa ya sanaa inaweza kubeba maneno, na majarida mazima yakatoka kama "michoro". Romania ilikuwa makini zaidi: kuanzia 1983 hata taipureta ilisajiliwa polisi.

Hungaria ilikuwa na madaraja 3: kazi za kuungwa mkono, za kuvumiliwa, za kupigwa marufuku. György Galántai alikodi kanisa dogo lililoachwa huko Balatonboglár, akaonyesha kazi za wenzake kila kiangazi kuanzia 1970. Mwaka 1973 lilifungwa, na miongoni mwa silaha zilizotumika zilikuwa kanuni za afya na ujenzi. Msomaji yeyote aliyewahi kufungiwa kibanda na kanjo kwa sababu ya choo anajua mchezo huo.

Mwalimu, ukitaka kuwaonyesha wanafunzi, usianze na historia. Chapa picha moja yenye watu watano, nakala 2 kwa kila kundi. Wape wembe, gundi ya unga na penseli ya kijivu, waambie wamtoe wa pili kutoka kushoto. Watakwama kwenye kivuli kabla ya dakika 20, na maswali yatakuja yenyewe.

Marehemu baba yetu alisoma Moscow miaka ya sitini. Ameacha mabango mawili ya Kirusi. Tutajuaje kama ni ya kweli, na tuyatunze vipi? Moja limeanza madoa. — Familia, Mji wa Kale

Poleni kwa msiba. Anzeni ukingo wa chini, kwenye maandishi madogo ambayo watu hukata wakitia fremu. Msiyakate, hapo ndipo mdhibiti alipopita. Tafuteni neno Тираж, idadi ya nakala, Цена, bei, ikifuatwa na "к." ya kopeki, na Подписано к печати, tarehe ya ruhusa ya kuchapa. Karibu yake huwa na herufi moja na tarakimu kadhaa, mfano wa muundo ni А-00000. Namba ya namna hiyo ilikuwa ya kibali. Kwenye mabango ya miaka ya 1920 na 1930 mtaliona jina Glavlit lenyewe limeandikwa.

Kisha chukueni lenzi ya kukuza mara 10. Kama maandishi hayo madogo yana ukungu au yamefanywa kwa vitone vya rangi nyingi, hiyo ni nakala iliyopigwa kutoka bango jingine. Ya asili huwa na herufi za wino mmoja, kingo safi.

Kuhusu madoa: huo ni ukungu wa unyevu wetu, na ukuta wa mawe na chokaa huvuta maji zaidi, hasa unaotazama nje. Toeni bango ukutani leo. Lilazeni pakavu penye hewa, si juani, siku 2 au 3. Ukungu ukikauka, tokeni nje mkiwa mmefunika pua, mpangusie kwa brashi laini kuelekea ukingoni. Msitumie kitambaa chenye maji wala jiki; wino mwekundu wa mabango hayo unaweza kutoka.

Msilaminishe, haibanduki tena. Selotepu pia hapana: gundi yake huingia karatasini na kuacha mstari wa kahawia. Pini za chuma hutoa kutu kwa hewa ya chumvi. Palipochanika bandikeni kwa nyuma karatasi nyembamba na uji wa wanga wa ngano, sehemu 1 ya wanga kwa 5 za maji, upikwe hadi uwe angavu na upozwe. Pakeni kidogo, wekeni uzito juu usiku mzima.

Mkitia fremu, kioo kisiguse bango. Wekeni ukingo wa kadi isiyo na tindikali katikati. Bandikeni vipande vya kizibo pembe za nyuma ili fremu ikae sentimita 2 mbali na ukuta, hewa ipite. La pili mkilihifadhi, lizungusheni nje ya bomba la kadi lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, picha ikiangalia nje, mlifunge kwa shuka safi ya pamba. Chini ya kitanda ni kwa mchwa. Wekeni juu ya kabati la ukuta wa ndani, na mlikague kila baada ya masika.